Reli ya Babu Imelazwa Ubavu

Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi, Novemba

Mdogo wangu Saidi,

Salamu kwanza, kwa sababu nikizikosa Mama atasema mji umenila adabu. Mnaendeleaje hapo Ruangwa? Miguu yake imepungua kuvimba? Kikohozi chako je? Mimi mwili mzima, ila moyo haujakaa tangu juzi, na sababu ni wewe na picha yako.

Kabla hujaendelea, barua hii usiisome kwa sauti. Najua desturi ya nyumbani kwetu. Barua ikifika wewe unakaa kwenye kigoda, Mama anaondoa kanga masikioni apate kusikia vizuri, na jirani naye anasogea kama ameitwa. Leo kasome peke yako nyuma ya nyumba mpaka mwisho. Kuna mahali nitakwambia umsomee Mama, utapaona. Na kabla hujakwenda huko nyuma, mtoe Mama kwenye kile chumba cha mbele. Mdanganye vyovyote. Mwambie unataka kupiga dawa ya kunguni. Kitanda chake kihamie chumbani kwako na wewe ulale sebuleni, hutakufa.

Umeshamtoa? Haya, sasa nikueleze.

Picha niliipata kwa utingo wa basi, bahasha imekunjwa lakini haijaharibika. Nilifurahi, Saidi, Mungu anajua. Mama amekaa kwenye kiti kama malkia, Mjomba Bakari amesimama nyuma yake na kofia mpya, na wewe umetunisha kifua utadhani nyumba ni yako. Nyuma yenu ukuta mweupe wa nyumba mpya ya Mjomba, juu yenu dari. Nikasema, kweli tangu Ruangwa iwe wilaya watu wanajenga. Nikaipeleka kazini niringe nayo.

Nilimwonyesha Fundi Kasiani. Huyu ni mtu wa kwetu, Mmakua wa Nachingwea, anachomelea vyuma hapa kwenye yadi tangu sijaajiriwa, na ndiye aliyenifundisha kazi. Basi, wengine wote waliangalia sura zenu. Yeye aliangalia juu ya vichwa vyenu.

"Dada Somoe, hiki chuma kilichobeba dari ni nini?"

Nikamwambia ni reli ya babu yetu.

"Mbona imelala ubavu?"

Akaisogeza picha kwenye mwanga wa mlango, akaweka ukucha katikati ya ile reli. "Na hili nundu hapa?"

Nikamwambia wameiunga, ilikuwa vipande viwili. Akanirudishia picha. Akaniuliza nani analala humo, nikasema Mama. Akavua miwani yake ya kazi akasema, "Mtoe."

Ndiyo maana nimeanza na kukuamrisha kabla hata sijakueleza habari.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hujui vizuri habari za reli hii. Babu alikuwa kibarua wa kutandika reli siku za mashamba ya karanga ya Wazungu, ile iliyokuwa inatoka Nachingwea kwenda baharini. Reli ilipokuja kung'olewa alipata chuma kimoja, akakiburuta mpaka kwake Mtua. Na kwa kuwa alikuwa na wake wawili, na Bibi mdogo hakukubali kupunjwa hata chumvi, Babu alikikata katikati kwa msumeno ili kila nyumba ipate sawa. Kipande chetu kikawa benchi mlangoni kwa Bibi. Cha Bibi mdogo kikaenda Mandawa. Halafu Babu akafa, ikaja ile kesi ya mikorosho, nyumba mbili zikawa hazizikani. Ule mwaka Mjomba alipokwenda Mandawa mwenyewe, kichwa wazi, kuwaomba ndugu zake wa kwa Bibi mdogo yaishe, na wao wakampa kile kipande cha reli kama ishara, Mama alilia mpaka akashindwa kula. Kwa hiyo ninajua Mjomba alipomwita yule fundi wa Nachingwea mwenye jenereta aviunge vipande viwili, hakuwa anaunga chuma tu. Uliniandikia maneno yake, "Reli ya baba imeungana na ukoo umeungana." Niliposoma nilifuta machozi kwa gauni la kazi, nikajipaka kutu usoni.

Mjomba hana kosa la roho. Kosa liko kwenye chuma.

Ngoja nikwambie ninachokijua, maana mtu akisikia natunza stoo ya yadi ya vyuma anafikiri nakaa kivulini nahesabu misumari. Hapa asubuhi mpaka jioni ni kelele, jua linapiga mabati, viatu vyangu vimetobolewa na vipande vya nyaya, na maji ya kunywa tunanunua kwa mkokoteni. Mteja anakuja anasema "nipe chuma", ukimuuliza chuma gani anakasirika. Mimi ndiye namuuliza anataka kukifanyia nini. Kama anapiga kenchi ya bati nampa engo, ile yenye pande mbili kama pembe ya sanduku, nyepesi lakini haijipindi ovyo. Anayetengeneza ngazi au bodi ya trela namwonyesha chaneli, ambayo ni kama mfereji wenye kuta mbili fupi. Mabomba ya mraba wanachukua watu wa mageti. Nondo usiseme, kila mtu anataka nondo, na wengine wanadhani ukiisimamisha peke yake itabeba kitu. Nondo bila zege ni mifupa bila nyama.

Lakini mtu akisema anataka kubeba dari, au sakafu ya juu, tunampeleka kwenye bimu. Hii ukiikata na kuitazama kwenye mkato unaona herufi I, kichwa bapa juu, mguu bapa chini, na katikati ukuta mwembamba uliosimama. Huo ukuta uliosimama ndio kazi yenyewe. Fundi Kasiani alinionyesha kwa rula, na wewe fanya hivyo hivyo leo. Chukua rula ya shule, ilaze juu ya vikombe viwili, ibonyeze katikati kwa kidole. Inapinda. Sasa isimamishe kwa ukingo, ibonyeze tena. Inakataa. Rula ni ile ile. Na reli ni hivyo hivyo, Saidi, ina kichwa, ina mguu, ina ukuta katikati, ilizaliwa isimame. Chini ya treni ilikuwa imesimama. Mjomba ameilaza ubavu.

Najua kwa nini ameilaza. Wewe mwenyewe uliniandikia, tena kwa kucheka, kwamba ikisimama dari lingeshuka na Mjomba na urefu wake angeinama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilicheka na mimi. Sasa sicheki.

Na kulala ubavu ni nusu ya shida. Kubwa ni lile nundu. Chuma tunachouza hapa kina upole, kikizidiwa kinapinda kwanza, unaona kimekaa kama kamba ya nguo, unakimbia. Chuma cha reli si hivyo. Ni kigumu sana, kimetengenezwa kisagwe na magurudumu, na ukikichomelea bila kukipasha moto wa kutosha kwanza na kukiacha kipoe taratibu, pale penye kiungo panakuwa kama chungu. Kwa macho ni pazima kabisa, na mzigo mdogo kinakaa nao.

Sisemi nilichoambiwa tu. Mwaka huu huu jirani wa yadi yetu, fundi magari, alichomelea reli mbili akaziweka juu ya kuta ili aningʼinizie injini. Ilikaa na ile injini muda mrefu watu wakaisahau. Mchana mmoja sote tuko kwenye wali, tukasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja muhogo uliokauka. Haikupinda hata kidogo. Tulikwenda tukakuta injini imezama kwenye sakafu na vile vipande viwili vimekatika pale pale penye nundu. Aliyekuwa analala chini ya injini kila siku alikuwa kwenye wali pamoja nasi, sahani ikamwanguka mkononi.

Tangu Kasiani aniambie "mtoe", nikifumba macho naiona ile sahani.

Nilijaribu simu. Nilikwenda nikapanga foleni, nikapiga kwa yule mwenye duka karibu na soko lenu. Inaita kama iko chini ya maji, halafu inakata. Nikaomba ruhusa nije mwenyewe, tajiri akasema mzigo wa bandarini ukishapokelewa, kabla ya hapo nikiondoka nisirudi. Na mvua zimeanza, wenye mabasi wanasema huko mbele ya kivuko cha Rufiji magari yanalala kwenye tope. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nalijua hilo, lakini ndiyo fimbo niliyo nayo, nakurushia.

Jana nikatoa barua yako nisome tena, labda nilielewa vibaya, labda reli iko mahali pengine. Ndipo nikakuta mstari ambao mara ya kwanza niliuruka. Umeandika, baada ya habari za bei ya korosho, kwamba Mjomba ameanza kupandisha magunia darini angoje bei ipande, na kwamba "Mama anasema siku hizi jioni kuna panya huko juu, wanagonga chuma, tik, tik, tunatafuta paka."

Saidi, panya anatafuna. Panya anakimbia. Panya hagongi chuma.

Jioni jua likizama chuma kinapoa, kinajivuta, na kama mahali fulani pameanza kuachia, panalia. Nimemuuliza Kasiani. Alichukua penseli akaanza kunichorea la kufanya. Mchoro nimeuweka ndani ya bahasha, na mimi nakueleza kwa maneno usije ukaukosea.

Tafuta mti mnene, wowote, hata kama ni wa kuazima kwenye jengo la mtu. Chini pake weka jiwe bapa pana usizame sakafuni. Juu pake weka kipande kinene cha mti kilicholala, kishike pande zote mbili za kiungo, kipande cha kushoto na cha kulia, siyo ncha moja chini ya nundu tu. Msigonge. Nasema tena, msigonge kwa nyundo. Ingizeni kabari kwa mkono, taratibu, kutoka pembeni, na anayefanya asikae katikati. Mti ukishashika ndipo magunia yashuke, mkianzia ya katikati, mtu mmoja mmoja. Baada ya hapo ndipo tutazungumza habari ya kuigeuza.

Sasa najua unachofikiri. Nani atamwambia Mjomba?

Wewe huwezi. Mimi nikimwandikia, nayasikia majibu yake mpaka huku, "Ntoto wa kike kukaa na vyuma nchana mmoja anakuja kunifundisha reli ya baba yangu?" Tena mbele ya watu wa Mandawa, ambao nusu ya ile reli ni yao. Ukimwambia kiungo ni kibovu, atasikia undugu ni mbovu. Ataweka magunia mengine makusudi aonyeshe.

Kwa hiyo usimwambie. Mwache Mzee Chande amwambie.

Unamkumbuka mtani wetu, yule Myao wa Mtua, aliyejilaza ndani ya kaburi siku ya kumzika Babu akagoma kutoka mpaka apewe kuku? Panda baiskeli umfuate. Msomee hii barua yote, yeye nampa ruhusa. Mwambie Somoe anasema nyumba mpya ya Wamwera haijakanyagwa na mguu wa mtani, na hiyo ni aibu yake yeye. Aje akae mlangoni, mlangoni, Saidi, asiingie chini ya reli na ujinga wake. Akae hapo apige kelele kwamba Wamwera wavivu mpaka chuma chao kinalala usingizi mchana. Aseme ndoa ya vyuma viwili imefungwa bila mlezi, kwamba vipande viwili vya ndugu waliogombana haviwezi kushikana vyenyewe, vinataka nguzo ya katikati, na nguzo hiyo lazima itoke Mandawa, mti wa mkongo kutoka shamba la Bibi mdogo, la sivyo mtani hali wala haondoki. Na magunia ya katikati ayadai yeye kama haki yake, ayashushe kwanza, atayarudisha akishachoka kucheza. Mjomba akimkasirikia mtani atachekwa Ruangwa nzima. Atacheka, atatukana, na ataweka nguzo. Tena ataiweka kwa sherehe.

Lakini nguzo ya Mandawa ni ya heshima, itachukua siku. Ule mti wa kuazima usiusubirishe. Ujanja wa Mzee Chande na mti wa kuazima viende pamoja, siku hiyo hiyo.

Mjomba akishatulia, mwambie mimi sitaki reli itupwe. Ikija kutolewa, ikae mlangoni kama zamani, tena sasa ni ndefu, watakaa wote, wa Mtua na wa Mandawa, bila kubanana. Kasiani anasema kwa kukaliwa haina shida hata kidogo.

Msalimie Mjomba kwa heshima zote, shikamoo yake nampa nikiwa nimepiga magoti hapa hapa kwenye sakafu ya stoo. Msalimie mke wake, mwambie kitenge chake nimekiona dukani na ninakizungukia. Bibi mdogo wa Mandawa, mbusu mikono. Mzee Chande usimsalimie, mwambie Wayao hawasalimiwi. Jirani aliyesogea kusikiliza, naye msalimie, na mwambie leo hakuna kitu.

Sasa mwite Mama. Mkalishe mbali na kile chumba, na kuanzia hapa msomee.

Mama, shikamoo. Ni mimi Somoe. Wewe ndiye uliyetusimulia kwamba ulipokuwa mtoto ulikuwa unaweka sikio kwenye reli usikie treni ikiwa bado mbali, na kwamba jioni reli ikipoa inalia, na Babu alikuwa anajua kwa mlio tu ipi nzima na ipi imeanza kupasuka. Mtu aliyekulia kwenye reli hawezi kusikia tik tik ya chuma akasema panya. Wewe si mtu wa kusema panya. Mama, ulijua. Umenyamaza kwa sababu ya kaka yako, kwa sababu uliona alivyoinama kule Mandawa, na hukutaka mtu aseme alichokiunga kimeachia. Umelala chini yake kila siku ukaamua bora ikuangukie wewe kuliko imwaibishe yeye. Nakujua. Hata ulipougua tumbo ule mwaka hukusema mpaka ulipoanguka.

Heshima ya Mjomba haiko juu ya dari, na kichwa chako hakikuumbwa kuwa nguzo. Usirudi kwenye chumba kile, hata kuchukua kanga, hata Mjomba akikubembeleza, mpaka Saidi akwambie mti umeshika.

Najua nimesema mbele ya mwanao jambo ulilotaka lifichike, na nimekukosea adabu. Fimbo ya Babu iko nyuma ya mlango. Nikipata ruhusa nitakuja, nitainama mwenyewe unichape. Wewe uwepo tu, Mama, uwe na mkono wa kunichapia.

Utingo ananiita, basi limeshawashwa.

Binti yako na dada yako,
Somoe